Somo: Kurudisha sredi iliyokufa kwenye injini ya alumini

Wasee, bolti unaikaza inazunguka tu haishiki, ukiitoa inakuja na nyuzi za alumini zimejisokota kwake, basi jua sredi, zile nyuzi za ndani ya shimo zinazoshika bolti, imeenda. Bolti ni chuma, hedi (kile kipande cha juu cha injini) ni alumini, ukizidisha nguvu anayeumia ni hedi. Na hapa Nairobi wengi wanakaza na racheti ndefu wakisikilizia mkono, spana ya toki, ile inapima nguvu ya kukaza, iko kwa boksi inalala. Bolti ya M6 (unene wa milimita 6) ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya hedi, inataka toki ya kama Nm 10 hivi, hiyo ni nguvu ya kiganja si ya bega.

Kuna wale watakuambia uvishe bolti tepu ya mabomba ama ujaze gundi ya chuma. Achana nao. Dawa ni koili, ile waya ya stenlesi iliyosokotwa, inakaa ndani ya shimo inakuwa sredi mpya ya saizi ileile ya bolti yako, na kwa alumini mara nyingi inashika kuliko ile ya kwanza. Watu huziita Helicoil hata kama ni za kampuni ingine. Tafuta kwa maduka ya tuli Kirinyaga Road ama Industrial Area, duka la kawaida la spea wanaweza kukuangalia tu.

Kabla hujatoa pesa jua saizi. Nafasi kati ya nyuzi, kwa milimita, M6 ya injini huwa 1.0, M8 huwa 1.25, lakini M10 ndiyo inakamata watu, ya kawaida ni 1.5 na gari nyingi za Japani ziko na 1.25. Beba bolti nzima uipime na geji ya sredi pale dukani.

Sasa kazi. Tumia biti inayokuja na seti ya koili, kwa M8 ni kama 8.3 mm, usikisie na ile iko kwa droo. Pima urefu wa shimo, zungushia biti tepu mahali pa kusimama, juu ukipitiliza unaweza kutokea kwenye njia ya maji na hapo umejinunulia hedi. Drili pole pole na uhakikishe imesimama wima, hii ndiyo kazi yote kwa kweli, shimo likilala kidogo bolti italala pia na breketi haitakaa. Kama iko nafasi, weka kipande cha chuma chenye shimo lililonyooka kikuongoze.

Tapi, ile ya kukata sredi mpya kwenye shimo, ipake mafuta ya taa, inafanya vizuri sana na alumini, zungusha nusu mbele robo nyuma ikate vipande vitoke. Kisha puliza na kompresa, vaa miwani. Shimo lisilotokea upande wa pili likibaki na oili ndani, ukikaza bolti ile oili haina pa kwenda na inaweza kupasua hedi.

Koili unaizungusha na kishikio chake bila kuisukuma, mpaka ikae robo ama nusu mzunguko chini ya uso. Halafu vunja ule mkia wa chini kwa kugonga mara moja na panchi. Uutoe! Sumaku haitakusaidia sana juu ni stenlesi, weka grisi kwa ncha ya bisibisi ndefu unase nayo.

MASWALI

Fundi, sredi yangu iliyokufa ni ya bolti ya kumwagia oili kwa sampu (ile karai ya oili chini ya injini), M12, inadondosha oili. Koili itazuia?
– Koili inashika bolti, kuziba ni kazi ya washa, na oili inaweza kupita kwa ule waya. Sampu ya alumini weka bushi nzima, yaani kipande cha bomba chenye sredi ndani na nje, badala ya koili. Kama ni ya bati na nati imechomelewa, tafuta sampu ingine utoke hapo.

Boss, plagi ya kuwasha moto imetoka na sredi ya hedi, lazima nifungue hedi?
– Si lazima, lakini ndiyo salama. Ukikataa kufungua, shusha pistoni kiasi, jaza grisi kwenye mifereji ya tapi, itoe na kuifuta kila mara, mwisho uvute vumbi na vakyumu ya paipu nyembamba. Plagi nyingi ni M14 x 1.25, na hapo pia napenda bushi.

Fundi mimi niko na Toyota Harrier ya injini ya 2AZ, ilikuwa inachemka, makanika anasema bolti za hedi za nyuma zimekataa toki. Ananila ama?
– Dada, hapo hakudanganyi. 2AZ-FE za kwanza zinajulikana kwa hiyo, sredi ya bloku (mwili wa injini ambao hedi inafungwa juu yake) inang'oka upande wa nyuma ule wa kabini. Bolti ni 10, M11 x 1.5, na ukishafungua afadhali mashimo yote yatengenezwe. Muulize tu ako na jigi ya kuongoza drili. Akisema atashika na mkono, toa gari hapo upeleke kwa watu wa mashini.