Kupanga kazi za usiku za seva msimu wa korosho

Mfumo ninaouhudumia hapa Masasi unatumiwa na vyama vya msingi vya korosho. Oktoba minada ikianza, makarani wa mizani huingiza kilo tangu asubuhi hadi giza, na ofisi nayo inataka ripoti, bakapu na orodha ya malipo ya wakulima. Seva ni zilezile. Kabla hujapanga chochote, kaa na karani mmoja akuambie mizani inalala saa ngapi. Kazi nzito ziingie humo.

Kwenye saa ndipo wengi huchemka. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa 3, na sisi tena usiku tunauhesabu tangu jua kuzama. Saa nane usiku ya Masasi ni 02:00 kwenye simu yako, lakini kwa seva ni 23:00 ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo kazi ya usiku wa kuamkia Jumamosi, kwenye cron, programu inayoamsha kazi kwa ratiba, iandikie siku ya 5, yaani Ijumaa (mstari huanza na dakika, kisha saa, na siku ya wiki ni ya tano):

17 23 * * 5 flock -n /tmp/malipo.lock nice -n 19 /opt/ushirika/malipo.sh

Dakika ya 17 ni makusudi. Kila mtu anapenda 00, matokeo yake kazi zote zinaamka pamoja na kugombania diski moja. Flock hushika faili la /tmp/malipo.lock na kuzuia kazi isianze kama ya awali haijaisha. Nice 19 huiweka kazi nyuma ya wengine wote kwenye prosesa, ila usiitegemee sana: kama uzito uko ndani ya hifadhidata, haigusi kitu huko.

Malipo usiyatume kwa mkupuo. Yaweke kwenye jedwali la foleni, programu ziyachukue mia mia. Hifadhidata ya PostgreSQL tangu toleo la 9.5 ina FOR UPDATE SKIP LOCKED: mistari iliyoshikwa na programu moja, nyingine inairuka. Kila malipo yawe na namba yake ya kipekee, na hakikisha upande wa benki unaikataa ikija mara ya pili. Umeme ukikatika katikati, unarudia bila kumlipa mkulima wa Nanyumbu mara mbili.

Mchana, Nginx, programu inayopokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka kwenye seva, huyagawa kwa zamu usipoielekeza vingine. Kuingiza kilo ni kufumba na kufumbua. Ripoti ya wilaya nzima inakula dakika. Weka least_conn ndani ya upstream, sehemu ya mipangilio ya Nginx yenye orodha ya seva, ombi liende kwenye seva yenye shughuli chache. Mimi ripoti nimezitoa kabisa kwenye njia hiyo: mtu akibofya, ombi linaingia foleni naye anaambiwa asubiri. Mameneja watanung'unika, waache.

Ukiongeza seva kwa kunakili ya kwanza, endesha crontab -l, amri inayoonyesha mistari ya cron, kwenye ile mpya. Mistari yote imekuja nayo. Ifute, la sivyo zote mbili zitaamka 23:17, na flock ya huku haioni faili la kule.