SOMO: Saa ya zamani ya mtumba, uitengeneze au uiache? (Kwa walioko Kigoma na jirani)

Wakuu, salaam. Naliweka hili mara moja ili kila anayenitumia picha ya saa iliyopigwa gizani na swali "hii naweza kuuza bei gani?" nimuelekeze hapa. Huko inbox sijibu tena. Bei ya saa ya zamani haisomwi kwenye jina lililoandikwa usoni. Inatoka kwenye mashine iliyo ndani na uso ambao haujaguswa na mtu. Hayo mawili ukishayajua, suala la kutengeneza au kuacha linabaki kuwa hesabu tu.

Nazungumzia saa za mishale zinazokwenda kwa springi, za kutia ufunguo na za otomatiki. Za betri siziweki hapa.

HATUA YA 1: Pa kutafutia. Mitumba ya Mwanga na Ujiji, wazee waliostaafu reli na bandari, na meza za mafundi saa. Fundi wa siku nyingi huwa ana kopo la saa ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Zilizo kwenye kopo hilo ndizo za kuomba kwanza, ila muulize kama mwenye saa anajulikana. Marehemu ana warithi, na mji wetu ni mdogo.

HATUA YA 2: Majina. Utakazokutana nazo sana ni Seiko 5. Mara mojamoja Roamer, Oris, Tissot, Favre-Leuba, West End. Omega ipo lakini tuliza moyo kwanza. Ukiona Rolex imewekwa katikati ya mikanda ya suruali, endelea na safari yako.

HATUA YA 3: Ikague ikiwa imefungwa. Ilaze, itikise taratibu, sikiliza. Zungusha kitufe cha ufunguo. Jua kwamba Seiko 5 nyingi (zenye mashine namba 6119, 7009, 7S26) hazitiwi ufunguo kwa mkono kabisa, zinajijaza mkono ukitembea, kwa hiyo kitufe kuzunguka bure si ugonjwa. Ipungie kama nusu dakika. Ikianza na kuendelea, vizuri. Ikianza na kusimama, mara nyingi ni mafuta yaliyokauka, na hilo linatengenezeka.

HATUA YA 4: Fungua mfuniko wa nyuma KABLA hujatoa hela. Mwende na muuzaji kwa fundi wa jirani, fundi mpe ya soda. Anayekataa saa yake ifunguliwe ameshakujibu.

Kwa Seiko anza na nje ya mfuniko. Kuna namba ya mashine, kistari, kisha namba ya bodi, yaani ganda la saa. Pembeni kuna namba ya mfululizo. Ikiwa na tarakimu sita, ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka na ya pili ni mwezi, ambapo O ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba. Saa ya 6119 ambayo namba yake ya mfululizo inaanza na 1N ni ya Novemba 1971, maana 6119 ni mashine ya mwishoni mwa miaka ya 60 na miaka ya 70. Sasa chukua lenzi uangalie uso, chini kabisa ukingoni karibu na 6. Kuna maandishi madogo kuliko chembe ya sukari, na namba ya mashine imerudiwa hapo. Mfuniko ukisema 6119 na uso ukasema 7009, umeshika saa mbili zilizochanganywa. Inaweza kutembea vizuri miaka kumi, lakini usiilipie bei ya saa kamili.

Omega za miaka ya 60 mashine yake ina rangi ya shaba nyekundu, imeandikwa OMEGA, ina namba ya aina (552, 562, 565 na kadhalika) na namba ya mfululizo ya tarakimu nane. Milioni 20 na kitu ni mnamo 1963. Ukifungua ukakuta betri, au chuma cheupe kisicho na jina, mrudishie mwenyewe na umshukuru.

Kisha kutu. Huku ziwani kutu ndiyo inayoamua kesi. Rangi ya kahawia kwenye mhimili wa kitufe tu si kitu, mhimili unabadilishwa. Kutu kwenye meno ya magurudumu au kwenye springi ya unywele, ile nyembamba iliyojikunja chini ya gurudumu linalocheza huku na huko, hapo shusha bei hadi iwe ya vipuri au ondoka. Neno "Water Resistant" kwenye saa ya miaka hiyo lisikudanganye. Ule mpira wa ndani umeshakuwa lami.

HATUA YA 5: Hesabu. Bei ya kununua, jumlisha kuisafisha, jumlisha vipuri na nauli yake kutoka Kariakoo. Tuseme saa elfu 30, fundi elfu 50, kioo elfu 15, jumla 95. Kama saa ya aina hiyohiyo iliyo nzima inauzwa elfu 80, kuitengeneza ili uuze ni kujipa kazi ya bure. Kwa 7009 mara nyingi ni nafuu kununua nyingine iliyoharibika nje na kuhamisha mashine yake nzima. Kwa Omega usifanye hivyo, itengeneze ileile iliyokuja nayo. Saa ya baba yako haiingii kwenye hesabu hii, hiyo tengeneza.

HATUA YA 6: Kuagana na fundi. Someni hapa taratibu, maana ndipo Omega yangu moja ilipofia. Niliikabidhi nikasema "nisafishie", basi. Mimi nilimaanisha mashine. Fundi, ambaye mkono wake kwa kweli ni mzuri, alielewa saa nzima. Nilipoifuata, uso uliokuwa umegeuka rangi ya maziwa ya chai ulikuwa mweupe pee, umepakwa rangi upya. Maandishi T SWISS MADE T pale chini hayakuwepo tena, na jina lilikuwa limechapwa likiegemea kushoto. Bodi ilipigwa polishi hadi kona zote zikawa duara. Ilitembea vizuri sana. Mnunuzi wa Dar aliiangalia akairudisha kwenye karatasi bila kusema bei.

Kwa hiyo agana hivi, na uandike kwenye karatasi:
- Uso usiguswe. Usifutwe, usipakwe, hata kwa pamba yenye maji. Madoa yaache yalivyo, mnunuzi anayejua huyalipia.
- Bodi isipigwe polishi. Brashi laini na maji ya sabuni, mashine ikiwa imetolewa nje.
- Mashine ivunjwevunjwe kabla ya kuoshwa. Kuizamisha nzima kwenye petroli ni kuhamisha uchafu kutoka nje ya mawe (vito vidogo vinavyoshika mihimili) kwenda ndani yake.
- Ule uma wenye mawe mawili usiloweshwe kwenye spiriti. Mawe yake yameshikwa na shelaki, aina ya gundi, na spiriti huyeyusha shelaki.
- Mafuta ya cherehani, hapana. Yanasambaa hadi kwenye springi ya unywele, mikunjo inagandana, saa inaanza kukimbia.
- Kila kipuri kilichotolewa urudishiwe, hata kibovu.

Akikucheka, kaa naye akueleze. Akikasirika, chukua saa yako.

HATUA YA 7: Ikirudi, ilinganishe na simu kwa siku nzima. Ya umri huo ikipotea chini ya dakika moja kwa siku, shukuru. Tarehe usiibadilishe kwa mkono kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, maana meno ya kalenda yanakuwa yameshikana na ukilazimisha yanakatika.

MASWALI

dereva_wa_noah: Mkuu, nina Seiko ya zamani, bei gani?
Mzee wa Springi: Hatua ya 4.

dereva_wa_noah: Nimesoma, ni ndefu. Ni Seiko 5 ya otomatiki, rangi ya bluu.
Mzee wa Springi: Namba ya nyuma ni ngapi? Bluu si namba.

Binti Mwandiga: Shikamoo mzee. Saa ya marehemu babu ilisimama miaka, juzi nimeipungia ikatembea, lakini inakwenda mbele karibu nusu saa kwa siku. Imeharibika?
Mzee wa Springi: Marahaba mwanangu. Swali zuri. Saa ikichelewa mara nyingi ni uchafu, ila ikikimbia kiasi hicho shuku sumaku kwanza. Fungua dira kwenye simu, sogeza saa taratibu juu yake. Sindano ikiyumbayumba, saa imeshika sumaku na springi ya unywele inagandana. Je, ilikuwa imehifadhiwa karibu na redio au spika? Fundi anayetengeneza redio huwa na kifaa cha kutoa sumaku, ni kazi ya dakika moja, bila kuifungua. Kama sindano imetulia, basi ni mafuta kwenye springi na inahitaji kusafishwa. Usiivae kila siku hadi isafishwe, mihimili inatembea mikavu na kulika.

Binti Mwandiga: Ilikuwa juu ya spika ya sabufa. Asante sana.
Mzee wa Springi: Jibu umelipata mwenyewe. Ukishaitoa sumaku, nipe majibu.

kijana_wa_Kibirizi: Mimi yangu iligoma nikaipulizia WD-40, sasa inatembea freshi. Hakuna haja ya mafundi.
Mzee wa Springi: Subiri wiki mbili.

fundi_mdogo_Kasulu: Mzee unatuharibia riziki. Petroli tumetumia tangu enzi za mabwana zetu na saa zinatembea.
Mzee wa Springi: Ndugu yangu, sijasema petroli haisafishi. Nimesema ivunjwe kwanza. Ukiivunja, ukaosha, ukakausha na kutia mafuta ya saa tone dogo kwa sindano, mimi mwenyewe nakuletea kazi. Na uso niachie.
fundi_mdogo_Kasulu: Hapo sawa. Mafuta ya saa huku hayapatikani ndiyo shida.
Mzee wa Springi: Agizeni watatu wanne kwa pamoja, chupa ndogo hukaa muda mrefu sana. Usinunue iliyopimiwa kwenye chupa ya dawa.

Reli ya Kati: Nina saa ya mfukoni ya babu, alikuwa gadi wa treni. Mfuniko una 0,800 na picha ya ndege. Ni fedha?
Mzee wa Springi: Ndiyo, 0,800 ni fedha, na ndege huyo ni muhuri wa Uswisi. 0,935 ni fedha bora zaidi. Ukiona ALPACA au ARGENTAN hiyo si fedha, ni madini meupe tu. Mfuniko wa ndani huo unafunguka kwa ukucha, usitumie kisu. Uso wake ukiwa wa enameli utaona nyufa nyembamba kama nywele, ni kawaida, usiruhusu mtu azijaze kitu. Na usiiuze kwa uzito wa fedha, tafadhali.

Reli ya Kati: Namba zake zilikuwa zinang'aa gizani, sasa haziwaki. Nimesikia ni sumu?
Mzee wa Springi: Saa za kung'aa gizani za kabla ya miaka ya 60 nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi. Kutowaka hakumaanishi imeisha. Kilichochoka ni ile poda inayotoa mwanga, radiamu yenyewe nusu yake hupungua kwa miaka 1,600. Ikiwa imefungwa na kioo kizima, kuitunza kabatini si tatizo. Hatari ni kuikwangua na kuvuta vumbi lake. Mwambie fundi mapema, na watoto wasiichezee.

mama_Aisha_Ujiji: Kioo changu kina michirizi, nasikia dawa ya meno inatoa?
Mzee wa Springi: Inatoa kwenye kioo cha plastiki tu. Gonga kwa ukucha: plastiki inalia butu na haina ubaridi. Dawa nyeupe ya kawaida, si ya jeli, kitambaa laini, zungusha dakika tano. Funika kitufe kwa selotepu isiingie ndani. Kama ni Omega ya zamani, elekeza kioo kwenye mwanga utafute alama ndogo ya Omega iliyochongwa katikati. Ukiikuta, kioo ni chake chenyewe, usikibadilishe hata kikiwa kibaya.

kijana_wa_Kibirizi: Mzee, imesimama tena.
Mzee wa Springi: Ipeleke Kasulu, fundi yupo hapo juu. Mwambie ulichopulizia, usimfiche.