Kivuli cha kitambaa uani kwako, nguzo nne tu

Wadau habari zenu, kuna watu wameniuliza kuhusu kile kivuli cha uani nikaona niandike yote hapa mara moja. Mimi niko Dar, jua la saa nane mnalijua, ukikaa nyuma ya nyumba ni kama umekaa kwenye kikaango.

Kwanza kitambaa. Nenda wanakouza vifaa vya kilimo uulize neti ya kivuli, ile nzito inayozuia asilimia 80 ya jua, siyo ile nyepesi ya kitalu cha miche. Neti inapitisha upepo, ndo maana naipenda.

Halafu mabomba. Chukua mawili ya chuma ya inchi 2, yanauzwa ya mita 6, kila bomba likatwe mita 3.4 na mita 2.6, hapo tayari una nguzo nne na hakuna kipande cha kutupa. Mwambie fundi wa kuchomelea aweke kulabu juu ya kila nguzo na azibe mdomo wa bomba maji yasiingie, na pale alipochomelea apige red oksaidi (rangi ya kuzuia kutu) haraka maana moto unaondoa ule mng'ao wa juu unaokinga chuma na kutu inaanzia hapohapo, kwa sisi wa pwani ndo usiseme.

Mashimo yachimbwe kwa mstatili wa mita 3 kwa 4, kina sentimita 70, upana kama 30. Sasa hapa sikilizeni vizuri kwa sababu ndo penyewe: nguzo ndefu zikae pembe zinazotazamana kwa mshazari, na fupi vilevile. Usiweke ndefu zote upande mmoja wala zote kimo kimoja. Ukishachimbia, ndefu zinabaki mita 2.7 juu ya ardhi na fupi 1.9, kitambaa kinajipinda chenyewe, pembe mbili juu mbili chini, na kikijipinda hivyo hakipigipigi hata kusi ikivuma. Kikiwa bapa kinalegea katikati, majani ya mwembe yanajaa humo, basi kazi imeharibika. Pembe moja ya chini uielekeze magharibi, jua la saa kumi linaingia kwa ubavu na hiyo pembe ndo italikinga.

Nguzo ziegemee nje kidogo, zisisimame wima kabisa, kwa sababu ukivuta kamba zitarudi ndani. Zege ndoo moja saruji, mbili mchanga, nne kokoto, limwagilie maji asubuhi na jioni na usikaze kitu chochote mpaka wiki ipite. Najua mtaona wiki ni ndefu ila nguzo ikishacheza kwenye zege bichi haikazi tena.

Kitambaa kikatwe kidogo kuliko nafasi ya nguzo, kama mita 2.6 kwa 3.6, ile nafasi inayobaki ni ya kamba kuvutia. Na kingo zisiwe zimenyooka, zikate kwa kuingia ndani kama upinde, upande wa mita 3.6 uingie sentimita 35 hivi pale katikati. Kingo iliyonyooka lazima ilegee hata uvute vipi. Peleka kwa fundi anayeshona mabegi au viti vya magari, akunje kingo mara mbili, apitishe mkanda wa begi pembeni kote, kila pembe aongezee viraka viwili vitatu ndo apige ringi ya chuma ya kupitishia kamba. Uzi uwe wa polyester, wa pamba unaoza.

Kufunga anza pembe za juu, kisha vuta za chini watu wawili kwa pamoja, mmoja huku mmoja kule. Baada ya siku chache kamba italegea, rudi ukaze.

Mdau: Mkuu turubai la bluu si ni rahisi zaidi?
Jibu: Ni rahisi lakini linazuia upepo wote, joto linabaki chini yake, na upepo mkali ukija unang'oa ringi. Neti mkuu.

Mdau: Masika je, mvua haipiti?
Jibu: Inapita. Hiki ni kivuli cha jua, mvua ikianza ingia ndani 😂

Mdau: Naweza kuweka jiko la mkaa chini yake kaka? Huwa napikia hapo nje.
Jibu: Hapana dada, neti ni plastiki, cheche moja tu inatoboa. Jiko lisogeze nje ya kivuli, upande ambao upepo haupelekei moshi na cheche kwenye neti.

Mdau: Mimi nimepanga, mwenye nyumba hataki mashimo.
Jibu: Simamisha bomba katikati ya tairi bovu la gari ujaze zege, mengine yote yaleyale. Ila neti iwe ndogo, mita 2 kwa 2 hivi, na ukiona upepo unazidi fungua pembe mbili uikunje, tairi halina nguvu kama shimo.