SOMO: Laptopu inachemka, feni inapiga kelele

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Naliandika mara moja, atakayeuliza nitamleta hapa.

1. Zima, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini.

2. Chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kingine chochote.

3. Toa feni. Kati yake na mapezi ya shaba utakuta vumbi limeshikamana kama kipande cha blanketi. Libandue kwa kibano. Ukipuliza feni, zuia mapanga yake kwa kidole.

4. Toa bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa, futa pesti kavu (ule uji wa kupitisha joto kati yao) kwa spiriti, paka mpya juu ya prosesa kiasi cha punje ya mchele.

5. Kurudisha bomba. Hapa niliharibu, someni taratibu. Nilikaza skrubu za upande mmoja hadi mwisho ndipo nikahamia wa pili. Bamba la bomba linalokalia prosesa likakaa mshazari, prosesa ikapanda hadi nyuzi 97 sijafungua hata programu moja. Siku mbili nzima naisingizia feni! Kando ya skrubu kwa kawaida kuna namba: 1, 2, 3, 4. Zifuateni, kila moja nusu kwanza, kisha mzunguko wa kumalizia. Msitumie nguvu, prosesa ya laptopu haina kofia ya chuma, kona zake humeguka. Na vile vipande laini kama mpira juu ya chipu nyingine viacheni palepale, pesti haiwezi kujaza nafasi ile.

6. Funga, washa.

MASWALI

– Mkuu, yangu inachemka sana, nifanyeje?
Hatua ya 1 hadi ya 6.

– Nimepuliza kwenye matundu ya nje, mbona haijapoa?
Kwa sababu hujaifungua. Ukipuliza kutoka nje, vumbi linarudi ndani kwenye feni. Soma hatua ya 3.

– Nimefuata yote, feni imetulia. Ila kabla ya hapo ilikuwa nzito mno, na sasa ni nyepesi. Vumbi linahusianaje na kasi?
Swali zuri sana, ndugu. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 95 hadi 100 hujipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Kwa hiyo uzito ule ulikuwa joto. Wengi hukimbilia kuongeza memori bure.

– Nyongeza: kwenye Windows, mipangilio ya umeme, shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Yangu ilipoa sana.
Kweli mkuu, mashine nyingi huacha kujiongezea kasi hapo. Kazi nzito zitachelewa. Ila usiitumie hiyo kukwepa kutoa vumbi.

– Mimi huitumia juu ya godoro.
Godoro linaziba matundu ya chini. Weka ubao.