Somo: Kumalizia kiko ghafi cha briari nyumbani kwa tupa na msasa

Kiko ghafi ninachokizungumzia hapa ni kipande cha mbao ambacho kiwanda kimekwisha kukitoboa tundu la tumbaku na njia ya moshi, kikakitia na mdomo wake, lakini umbo la nje kikamwachia mnunuzi alichonge mwenyewe. Nitatumia majina ya zamani ya viungo vya kiko, kwa sababu yanatosha: bori ni kichwa kinachobeba tumbaku, na shilamu ni kipande kinachoingia kinywani. Kiko hiki hakina maji wala digali, yaani mrija unaounganisha bori na chombo cha maji, kwa hiyo sehemu ya mbao inayounganisha bori na shilamu nitaiita shingo.

Mbao yenyewe mara nyingi ni briari, yaani uvimbe unaoota kwenye shina la mizizi ya Erica arborea, kichaka cha nchi zinazoizunguka Mediterania. Mafundi wa Saint-Claude, mji wa milima ya Jura nchini Ufaransa, walianza kuitumia katikati ya karne ya 19, na sababu ya kuipenda ni kwamba inastahimili moto na haimpi mvutaji ladha ya mti unaoungua. Kichaka hicho kinaota hata kwetu, juu ya ukanda wa msitu Kilimanjaro na Rwenzori, lakini asiyejua asikimbilie huko na jembe: ndani ya hifadhi hairuhusiwi kung'oa chochote, na isitoshe uvimbe uliochimbwa ni lazima uchemshwe kwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha ukaushwe polepole kwa miezi, la sivyo utapasuka mikononi mwako. Nunua kipande kilichokwisha kupitia hayo.

Hatua ya kwanza: kupima

Usiguse tupa kabla ya kujua tundu limeishia wapi. Chukua kijiti cha mshikaki, kitumbukize ndani ya bori mpaka kiguse chini, kibane kwa ukucha pale kinapokutana na ukingo, kisha kilaze ubavuni kwa nje na uchore mstari wa penseli mahali ncha inapofika. Hapo ndipo sakafu ya tundu ilipo. Shuka milimita 8 chini yake, uchore mstari wa pili kuzunguka bori lote, na mstari huo usiuvuke hata kama umbo unalolitamani linakudai uuvuke. Kwenye kuta acha unene usiopungua milimita 6. Kiko changu cha kwanza sikukipima; nilikuwa nafuata picha niliyokuwa nayo kichwani, nikakata chini mpaka kikapendeza, na baada ya kukivuta mara nne likajitokeza doa jeusi chini ya bori, la duara, kubwa kama sarafu. Moto ulikuwa umebakiza ganda tu.

Hatua ya pili: tupa

Funga jino la jiliwa kwa kipande cha ngozi au tambara nene, kisha ukibane kiko kwa kiasi cha kutoteleza tu. Tupa ya mbao yenye upande bapa na upande wa nusu duara inatosha kwa kazi yote. Sukuma kwenda mbele, inua, rudi; ukiiburuza kurudi nyuma unaua meno yake na kuichana mbao. Anza na pembe kubwa, zungusha kiko kidogo kidogo, na kila baada ya dakika chache kipeleke dirishani ukiangalie kutoka juu, kwa kuwa bori linaloonekana mviringo ukilitazama ubavuni mara nyingi limeegemea upande mmoja.

Shilamu iache mahali pake muda wote huu. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi ya mengine: mtu anaichomoa shilamu ili asiikwaruze, anapiga tupa shingo peke yake, na anapoirudisha anakuta ukingo wa shingo umekuwa mviringo na umeacha ufa unaoweza kupitisha ukucha. Shingo na shilamu hupigwa tupa pamoja, kama ni kitu kimoja, mpaka kidole kikipita juu ya kiungo kisihisi kitu.

Hatua ya tatu: msasa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ninapowaomba msiwe na haraka. Vaeni barakoa. Anza na msasa namba 120 kuondoa alama za tupa, halafu 220, 320, 400 na 600, bila kuruka namba hata moja, kwa kuwa kila msasa una uwezo wa kufuta mikwaruzo ya ule uliotangulia tu. Ili ujue umemaliza, paka kiko chote mistari ya penseli kabla ya kila namba, na usihamie namba inayofuata mpaka mstari wa mwisho uwe umetoweka. Ile michache inayojificha kwenye kona ya shingo na bori ndiyo inayokuonyesha mahali ulipopakwepa. Baada ya namba 320, futa mbao kwa kitambaa chenye unyevu na uiache ikauke: nyuzi zitasimama kama ndevu za siku mbili, nawe utazikata kwa namba ya 400.

Vishimo vidogo vitajitokeza, kwa sababu briari hukua penye mawe na mchanga. Unaweza kuviziba kwa vumbi la mbao hiyo hiyo na tone la supagluu. Binafsi huviacha. Shilamu ya eboniti imalizie kwa msasa wa maji hadi namba 1000 au zaidi, na usishangae harufu ya salfa, kwani eboniti ni mpira uliopikwa na salfa.

Hatua ya nne: rangi na nta

Rangi si lazima. Ukiitaka, tumia rangi ya kupaka vitu vya ngozi, iliyoyeyushwa kwa spiriti, ziba tundu kwa karatasi, paka, acha ikauke, kisha piga msasa wa 400 ili weusi ubaki kwenye nyuzi laini peke yake.

Vanishi usipake. Bori hupata joto, na utando wa vanishi hufanya malengelenge kisha hubanduka. Kinachofaa ni nta ya kanauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota Brazili. Huyeyuka ikipita nyuzijoto 80, ilhali nta ya nyuki huyeyuka kwenye 63 hivi na kuacha kiganja kikinata. Kanauba ni ngumu, haipakiki kwa kidole, kwa hiyo funga gurudumu la kitambaa kwenye drili, ligusishe nta kidogo, kisha kiko. Ndani ya tundu usiingize rangi, nta wala mafuta.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo fundi. Huku kwetu Lindi mpingo upo. Siwezi kuutumia badala ya hiyo briari?

Jibu: Marahaba. Unaweza, ila mimi singeuchagua kwa bori. Ni mzito, una mafuta, hupata joto haraka, na vumbi lake huwasha ngozi na pua. Utengenezee pete ya kupamba kiungo cha shingo, utapendeza sana. Kwa bori, mzeituni mkavu ni afadhali.

Swali: Shilamu yangu imekaza mno, naogopa kuivunja.

Jibu: Usiichomoe kiko kikiwa cha moto. Kikipoa, izungushe huku ukivuta moja kwa moja, bila kuikunja. Kisha sugua ulimi wake, yaani ncha inayoingia ndani ya shingo, kwa penseli laini, uirudishe, urudie mara mbili tatu. Ikiwa imelegea, na ni ya eboniti, pasha ulimi joto polepole kwa mvuke, usukumie ndani ya tundu lake msumari laini mnene kidogo kuliko tundu hilo, uache upoe.

Swali: Samahani mwalimu, nilisoma nimechelewa. Nimekwisha paka vanishi ya dukani, makoti mawili.

Jibu: Jaribu tambara lenye spiriti mahali pasipoonekana. Ikinata na kutoka, ilikuwa shelaki, aina ya vanishi inayoyeyuka kwa spiriti; endelea hivyo hivyo mpaka iishe. Isipotoka, rudi kwenye msasa wa 220 uanze upya kutoka hapo. Usisahau penseli.