Jinsi ya kupendezesha bafu ndogo ya Nairobi bila kumaliza mshahara

Bafu nyingi za nyumba za kukodi Nairobi, iwe Roysambu, Pipeline, Umoja ama Kawangware, zinafanana sana. Chumba chembamba, shawa iko juu ya choo, tailsi nyeupe zinaishia kifuani, juu yake rangi ya krimu imeanza kubambuka, balbu moja katikati na kadirisha kadogo kanaangalia ukuta wa ploti ya jirani. Watu wengi wakiiona wanasema basi, hii niiache tu hadi siku nitajenga yangu. Mimi sikubaliani kabisa, juu hio ndio chumba unaingia asubuhi kabla hujaongea na mtu yeyote, na kuifanya ipendeze hakuhitaji pesa nyingi kama unajua pa kuanzia.

Pa kuanzia si dukani. Kwanza bafu ikauke. Rangi mpya, pazia, kikapu, stika, vyote vinaharibika haraka kwa bafu inayoshinda na maji, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza pesa. Kwa hivo panguza kila mahali hadi pakauke kabisa, weka tishu kuzunguka miguu ya choo na chini ya sinki na kwa kila jointi ya mfereji, alafu usiguse kitu usiku mzima. Asubuhi tishu iliyolowa itakuonyesha kwenye maji yanatoka. Mfereji unaodondosha mara nyingi shida ni washa tu, na jointi inayovuja ukiifungua na kuizungushia thredi tepu inatulia, kazi ambayo plamba wa mtaa anamaliza haraka na bei yake si ya kuogopesha. Ukiwa naye hapo muulize wazi: "Fundi, maji ya sakafu yanaenda kwa shimo yote ama kuna mahali yanasimama?" Kama yanasimama, nunua ile mopa ya mpira ya kusukuma maji na uitumie kila mtu akioga. Dirisha liache wazi hata Julai kwenye kuna baridi, juu baridi bila hewa ndio inalea ukungu.

Ukungu wenyewe unaoshwa na Jik iliyochanganywa na maji, dirisha na mlango vikiwa wazi. Na hapa nataka unisikize vizuri: Jik usiichanganye na Harpic ama siki ama kitu chochote chenye asidi. Vikikutana vinatoa hewa ya klorini ambayo inachoma mapafu, na kwa kachumba kadogo kama hako hauna pa kukimbilia. Tumia moja, suuza na maji mengi, hio ingine iwe siku ingine.

Sasa ndio uanze kuota. Simama mlangoni upige picha, juu hapo ndipo kila mtu anaonea bafu yako, alafu kaa na hio picha kwa simu ujiulize jicho linaenda wapi kwanza. Ukienda Pinterest utapata bafu za madirisha makubwa na beseni za kulala, usijaribu kuiga mpangilio, we chukua rangi na labda kitu kimoja cha asili kama mbao ama kikapu. Alafu chagua vitatu na ushikilie hivo tu: rangi ya ukuta, rangi ya kitambaa, na rangi ya chuma ama mbao. Kwa mfano ukuta wa udongo mwekundu kama wa Limuru, kitambaa cheupe, chuma nyeusi. Ama ukuta kijani kilichofifia, kitambaa cha krimu, na mbao. Ukiwa na vitatu hivo kichwani, ukiingia soko lenye vitu elfu unajua cha kupita.

Kabla ya rangi, angalia grauti, yani ile mistari kati ya tailsi. Kusema ukweli hii ndio kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwa pesa ndogo zaidi, na watu hawaifikirii. Tailsi zako pengine ziko sawa kabisa, kinachozeesha bafu ni mistari iliyoingia weusi. Kwangua ile ya zamani ingie ndani kama milimita mbili tatu, kipande cha msumeno wa chuma kinatosha kama hauna kifaa chake, toa vumbi yote, alafu koroga grauti mpya na maji kidogo kidogo hadi iwe nzito kama dawa ya meno. Ipake na kipande cha mpira ukivuta kimshazari ili usiichimbue kwa mistari, ngoja kama dakika 15 hadi 20, panguza na sponji yenye unyevu kidogo tu si inayotiririka, na usimwagie maji kwa masaa 24. Ningekushauri uchukue rangi ya kijivu badala ya nyeupe. Kwa tailsi nyeupe kijivu inatoa mistari safi inayoonekana imepangwa, na haionyeshi uchafu haraka. Kona za ukuta na sakafu usiweke grauti, weka silikoni, ile gundi inayobaki laini kama mpira, juu hapo nyumba inacheza kidogo na grauti itapasuka.

Rangi sasa. Bafu ya mita 1.2 kwa mita 2 ukuta wake wote kuzunguka ni mita 6.4, na kama tailsi zinaishia mita 1.5 na silingi iko mita 2.4, unapaka kimo cha 0.9, yani kama mita 5.8 za mraba hivi. Lita moja ya rangi hupaka karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yani ukipaka mara moja, kwa hivo mikono miwili ni zaidi kidogo ya lita moja. Sasa mkebe wa lita nne ni wa nini? Uliza ile ya vinili silki ama ya glosi inayooshwa, na maduka makubwa ya rangi yanachanganya rangi unayotaka kwa mashine. Jaribu kwanza kwa kipande cha katoni, kibandike ukutani ukiangalie asubuhi na usiku taa ikiwaka. Ukuta wenyewe uparue, piga msasa, ziba na fila, paka anda koti, yani ile rangi ya chini inayotangulia, usiruke hio hatua. Januari na Februari rangi inakauka vizuri, mvua ya Aprili itakuchelewesha.

Zile stika za tailsi zinazouzwa kila mahali saa hii ni nzuri kama nyumba si yako, lakini kwa ukuta laini, mkavu, na mbali na maji ya shawa. Zikiwa chini ya shawa zinabanduka pembeni na uchafu unaingia nyuma. Na tailsi za sakafu usizipake rangi, zitakwaruzika na kuteleza.

Taa ni ndogo lakini inabadilisha kila kitu. Soma boksi ya balbu: 6500K ni ule mwanga mweupe wa kibuluu unaofanya kila mtu aonekane mgonjwa, 3000K ni mwanga wa joto unaopendeza ngozi na rangi ya ukuta. Bei ni karibu sawa. Kama unaweka instanti shawa, ile inayopasha maji na stima, ama kuhamisha swichi, hapo usijifanyie. Tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, na hakikisha kuna athi, yani waya wa kupeleka stima ardhini, na swichi ya kuzima iko nje ya mlango. Hapa ndipo usibahili.

Kioo kikubwa kuliko unavyofikiri unahitaji, ndio ushauri wangu. Kiweke kiangaliane na dirisha hata kama ni kadogo, mwanga unarudi na chumba kinapanuka. Vya mitumba viko Gikomba na Toi, na fundi wa chuma wa Kamukunji atakutengenezea fremu nyeusi nyembamba ukimpelekea vipimo. Kama unakibandika na silikoni, omba ile isiyonuka siki. Ile ya siki inakula mgongo wa kioo na baada ya muda unaona madoa meusi.

Alafu kuna kitu ambacho picha za mtandaoni hazikuonyeshi: mitungi. Nairobi mgao wa maji upo na kila bafu ina ndoo ya bluu, beseni ya waridi, mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, na jagi ya kijani. Hio fujo ya rangi inaua muonekano kuliko tailsi mbaya. Chagua rangi moja, nyeupe ama nyeusi ama kijivu, na ubadilishe polepole kila kimoja kikichoka. Pipa kubwa lipeleke kona, lipate kifuniko kinachofunga, na juu ya kifuniko weka ubao uliokatwa mviringo. Hapo umepata rafu ya sabuni na taulo bila kutoboa ukuta wa mwenye nyumba. Ubao unaweza kutoka kwa paleti za Industrial Area, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, lakini angalia muhuri: HT ni mbao iliyopikwa kwa joto, hio chukua, MB imepigwa dawa ya sumu, hio iache hata wakikupatia bure. Pakaza vanishi kila upande pamoja na chini.

Kwa pazia, litundike juu kabisa karibu na silingi, chumba kitaonekana kirefu. Kwa bafu za shawa juu ya choo ndilo linazuia tishu na kiti kulowa. Ndani weka la plastiki, nje leso, yani kanga, na chagua leso yenye maneno ambayo hutachoka kuyasoma kila asubuhi. Vyuma vya kukaza bila kutoboa vipo mjini. Vikapu vya taulo Kariokor, chukua vya mkonge na uviweke mbali na maji.

Ukitaka mmea, mani planti inavumilia mwanga mdogo na unyevu, inaota hata kwa chupa ya maji. Ukiwa na mtoto mdogo ama paka iweke juu, majani yake yakitafunwa yanawasha mdomo.

Kuhusu pesa, mimi ningeweka nusu kwa uvujaji, grauti na rangi, robo kwa taa na kioo, na robo ya mwisho kwa vitambaa na vikapu, na ningenunua nikifuata mpangilio huo huo, cha kwanza hadi cha mwisho. Kabla ya kupaka ukuta mwambie mwenye nyumba ama keateka na upate jibu kwa maandishi, hata SMS. Wengine wakiona unaboresha nyumba yao wanakubali kukata gharama ya rangi kwa kodi, kwa hivo uliza. Mfereji wa zamani, shawa ya zamani na kioo cha zamani vifunge kwa mfuko uvihifadhi, siku ya kuhama unavirudisha na kubeba vyako, na dipoziti yako inabaki salama.