Mzigo wa slabu uende kwenye bimu zipi? Usiiachie programu iamue

Programu ya kukokotoa miundo haijui slabu yako (bamba la sakafu linalokaa juu ya bimu) inabeba kuelekea upande gani. Ukiiwekea mzigo wa 5 kN (kilonewton) kwa mita ya mraba bila kuiambia, itagawa kwa kanuni iliyokuja nayo, na michoro ya rangi itapendeza vilevile. Kwa hiyo mimi huanza na swali moja: njia moja (mzigo uende kwenye bimu mbili zinazotazamana) au njia mbili (uende kwenye bimu zote nne za pembeni)?

Chukua slabu ya mita 6 kwa 4. Ikibeba njia moja, kwa upande mfupi, kila bimu ndefu inapata 10 kN kwa mita, yaani 60 kN. Bimu fupi haziambulii kitu. Ikibeba njia mbili, mistari ya nyuzi 45 inatoka kwenye kona: bimu fupi zinapata pembetatu ya 20 kN kila moja, ndefu trapeza ya 40 kN. Bimu ndefu imepunguziwa theluthi ya mzigo, lakini usikimbilie kuipunguza unene. Kama imeegeshwa tu kwenye ncha zake, momenti (athari ya kupinda) ya katikati inashuka kutoka 45 hadi 38.3 kNm basi, kwa sababu mzigo uliokatwa ulikuwa karibu na nguzo.

Urefu ukizidi mara mbili ya upana, chagua njia moja. Sakafu ya bati lenye migongo ni njia moja hata ikiwa mraba; hakikisha mshale wa mwelekeo wa mzigo kwenye programu unafuata migongo. Ukinakili eneo la mzigo na kulizungusha, uangalie tena mshale huo.

Kwenye paa, wasumbufu ni vyuma vya mshazari vinavyozuia jengo kuyumba. Vimelala bapa moja na papi (vyuma vinavyobeba bati la paa), basi programu navyo inavigawia mzigo. Utavijua: vinaonyesha momenti, wakati kazi yao ni kuvutwa na kusukumwa tu. Vichague vyote, uvitoe kwenye orodha ya vinavyopokea mzigo wa eneo.

(Slabu iliyochorwa kwenye programu kwa elementi, yaani vipande vidogo vyenye ugumu wake, ni habari nyingine, humo mzigo hufuata ugumu.)

Kisha endesha mzigo huo peke yake, bila uzito wa muundo, ujumlishe nguvu za kwenye nguzo. Kwa mfano wetu lazima zifike 120 kN. Ila jumla hiyo ni ileile kwa njia moja na kwa njia mbili, kwa hiyo fungua mchoro wa mzigo wa bimu fupi: ama una pembetatu, ama ni mtupu.